Ndoo Kwanza, Bomba Baadaye

Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Dar es Salaam maji ya bomba yalikuwa yakitoka usiku, na hakuna aliyejua saa. Leo saa sita, kesho saa tisa, keshokutwa hayatoki kabisa. Bomba lilikuwa moja, uani, na nyumba ilikuwa na vyumba sita vya wapangaji. Mama alikuwa akiamka, anatoka na kandili, anafungua bomba, anasikiliza ile pumzi ya hewa inayotangulia maji, kisha anarudi kulala. Baada ya nusu saa anaamka tena. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na kazi ya siku nzima ilikuwa bado inamngoja.

Kuna usiku mmoja ambao hausahauliki kwetu. Mama alitoka, akakuta bomba kavu, akaanza kurudi chumbani kupitia korido. Hajafika, maji yakatoka. Jirani wa chumba cha pili akayasikia, na kwa wema wake akazunguka nje ya nyumba kuja kugonga dirisha letu. Chumbani tulikuwa watoto tupu, tumelala fofofo. Mama alikuwa bado koridoni. Jirani akaona ameshagonga, akaenda kukinga yake. Mama akaingia, akajilaza akiwa na hakika mbili: kwamba bomba ni kavu kama alivyoliacha, na kwamba maji yakitoka jirani atamgongea. Aliamka kwa adhana ya alfajiri. Ndoo zilikuwa tupu na bomba limekauka.

Ukiwauliza wote wawili, kila mmoja alitimiza wajibu wake. Mama aliangalia kabla ya kulala. Jirani aligonga maji yalipotoka. Tatizo lilikaa katikati, kwenye hatua kumi za korido, kati ya kuangalia na kulala.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshajifunza kuandika programu, nilikikuta kisa hichohicho ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa programu zote. Humo ndani kazi hufanywa na nyuzi. Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo: huu unasikiliza kibodi, ule unaandika kwenye diski, mwingine unangoja kitu kutoka mtandaoni. Kwenye kompyuta ninayoandikia sasa, nikiagiza orodha ya michakato yote, yaani programu zinazoendeshwa, inashuka mistari mamia, na kwenye safu ya hali mistari mingi ina herufi S. S maana yake umelala. Mmoja au miwili tu ndiyo yenye R, yaani unakimbia au uko tayari kukimbia. Kompyuta iliyowashwa ni bweni la waliolala, na sehemu kubwa ya ufundi wa kerneli ni kujua nani alazwe, nani aamshwe, na aamshwe na nani.

Wanalazwa kwa sababu kungoja ukiwa macho ni ghali mno. Prosesa wa gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Diski ya sahani zinazozunguka huhitaji kama milisekunde 10 kusogeza kichwa chake hadi palipo na data. Hayo ni mapigo milioni 30. Uzi unaoitaka data hiyo ungeweza kufanya kama mama na bomba lake: imefika? Bado. Imefika? Bado. Ungeuliza hivyo mara mamilioni na kula zamu ambazo nyuzi nyingine zingezifanyia kazi. Kwa hiyo kerneli huulaza. Huhifadhi rejista zake, yaani kila kitu uzi ulichokuwa umekishika mkononi, hubadilisha hali yake kutoka kukimbia kwenda kulala, na prosesa anapewa mwingine. Uzi uliolala hautumii pigo hata moja. Hauoti, hauhesabu saa. Ukiamshwa unaendelea na agizo linalofuata kana kwamba hapakupita kitu.

Diski ikimaliza kazi yake hutuma katizo. Prosesa anaacha kidogo alichokuwa akifanya, anatazama ni nani aliyekuwa akiingoja data hiyo, anambadilishia hali, kisha anarudi kwenye shughuli yake. Mtu akiingia kwenye somo hili kwa mara ya kwanza, hapa huwa namsimamisha. Kuamshwa katika kerneli si kupewa prosesa. Ni kuandikwa jina kwenye orodha ya walio tayari. Zamu itakuja ikija, na kati ya kuandikwa na kupata zamu mengi yanaweza kutokea.

Msimbo ninaoupenda kuliko mwingine wowote kuhusu jambo hili ni wa zamani. Toleo la 6 la mfumo endeshi wa Unix lilitoka Bell Labs, Marekani, mwaka 1975, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, kwa mashine za PDP-11. Kerneli yake ilikuwa na mistari takriban 9,000, kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kukisoma chote na kukielewa. Ndivyo alivyoamini John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia. Mwaka 1976 na 1977 aliutoa msimbo huo kwa kurasa, akaipa mistari namba, akauandikia ufafanuzi kwa ajili ya darasa lake. Leseni ya toleo lililofuata ikazuia msimbo huo kufundishwa, na kazi ya Lions ikaishi karibu miaka 20 kwa fotokopi, ikipita mkono hadi mkono, mpaka ilipochapishwa rasmi kama kitabu mwaka 1996. Lions alifariki mwaka 1998. Nadhani ualimu una heshima chache kubwa kuliko hiyo ya watu kukaa usiku wakinakili maelezo yako kwa kuwa hawataki yapotee.

Katika msimbo huo kulala na kuamsha vinafanywa na funksheni mbili fupi, sleep na wakeup. Anayelala hutaja vitu viwili: uzito wa usingizi wake, na chaneli anayoingoja. Jina chaneli linaweza kukufanya ufikirie mfereji au bomba lenyewe, lakini chaneli hapa ni namba tu, anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu. Haina foleni wala mlinzi. Anayelala huiandika namba hiyo kwenye mstari wake katika jedwali la michakato, kisha hulala, kama mtu aliyejiandika kwenye paji la uso jina la kitu anachokisubiri. Anayeamsha hupita jedwali zima, mistari 50 kwa mpangilio wa kawaida wa toleo lile, na kila mwenye namba hiyo usoni humwamsha. Hamjui ni nani. Hana haja ya kumjua.

Na korido je? Thompson na Ritchie waliijua. Mchakato unaongoja diski, kabla ya kuangalia kama data imefika, huinua kipaumbele cha prosesa hadi 6, na kuanzia hapo makatizo ya diski hubaki mlangoni. Ndipo unaangalia. Kama bado, unaandika chaneli yako na hali yako ya kulala, mlango ukiwa bado umefungwa, na baada ya hapo tu ndipo mlango unafunguliwa. Katika ule muda mfupi hakuna awezaye kugonga. Kwenye mashine yenye prosesa mmoja hilo lilitosha.

Wengine walikuwa wamelijibu swali hilo kwa njia nyingine hata kabla yao. Edsger Dijkstra, Mholanzi, alikuwa ameieleza semafori mwaka 1965: hodi zinahesabiwa, kwa hiyo ukigongewa mara moja ukiwa koridoni, hesabu inabaki moja, nawe ukitaka kulala unaikuta. Jerome Saltzer, katika tasnifu yake ya MIT ya mwaka 1966 iliyohusu mfumo wa Multics, aliupa kila mchakato alama ndogo inayosema kwamba kuna hodi ilipigwa ukiwa macho. Mchakato ukitaka kulala, kwanza unaitazama alama. Ikiwa imewekwa, haulali. Ni kama jirani angeandika kwa chaki mlangoni kwetu. Mama angefika, angeisoma, angegeuka.

Kisha zikaja mashine zenye prosesa wengi, na kufunga mlango kukawa hakutoshi. Ukizuia makatizo kwa prosesa mmoja, mwenzake wa pembeni anaendelea na kazi zake, na huenda yeye ndiye anayekuja kugonga. Kerneli ya Linux iliwahi kuwa na funksheni zilizoitwa sleep_on, nyepesi kuziita: angalia mwenyewe, ukiona bado, ita sleep_on ulale. Korido ilikuwa wazi ndani yake. Zilikemewa kwa miaka, zikaondolewa moja baada ya nyingine, na za mwisho zikafutwa katika toleo la 3.15 la mwaka 2014.

Kilichochukua nafasi ya sleep_on ni mpangilio ambao nimekaa nao muda mrefu kuliko ukurasa wowote wa msimbo niliowahi kusoma. Uzi unaotaka kulala hauangalii kwanza. Kwanza unajiandikisha kwenye foleni ya wanaongoja. Pili unajibadilishia hali kuwa S, ilhali bado uko macho, bado unatembea. Tatu ndipo unaangalia kama ulichokitaka kimefika. Kikiwa kimefika, unajirudishia R, unajitoa kwenye foleni na kwenda zako. Kikiwa bado, unamwachia prosesa mwingine, na hapo ndipo usingizi wenyewe unapoanza.

Sasa mlete jirani, umweke koridoni, yaani baada ya kuangalia na kabla ya kuachia prosesa. Anakuja, anakuta jina lako kwenye foleni, anakubadilishia hali kutoka S kwenda R. Wewe hujui. Unaendelea na hatua yako, unafika pa kuachia prosesa, na mpanga zamu anatazama hali yako: R. Huyu hajalala. Anakuacha kwenye orodha ya walio tayari, na muda si mrefu unapata zamu tena, unaangalia tena, unakuta maji. Hodi haikupotea kwa sababu ulitangaza kulala kabla hujalala.

Silika ya binadamu inakwenda kinyume na hilo. Tunaangalia, tukiridhika tunalala. Mama alifanya hivyo, nami katika programu zangu za mwanzo nilifanya hivyo, na zilikuwa zikikwama mara moja katika wiki kadhaa, bila kosa kuandikwa popote. Lakini wapangaji wa nyumba yetu waliufikia mpangilio wa Linux bila kuona kompyuta. Baada ya usiku ule walikubaliana ndoo zipangwe uani tangu magharibi, moja nyuma ya nyingine, kila moja na alama ya mwenyewe. Unaweka ndoo, kisha unalichungulia bomba, kisha unakwenda kulala. Anayemaliza kukinga anaitazama ndoo inayofuata na kwenda kumgongea mwenyewe hadi aitike. Hapo hata ukiwa koridoni, umo kwenye hesabu.

Prosesa wa leo wana tabia moja inayoweza kuuharibu hata mpangilio huo. Ili wasipoteze muda, huacha kitu ulichokiandika kikae kwanza kwenye akiba yao ya ndani huku wakiendelea kusoma vingine, kwa hiyo mwenzio anaweza kuchelewa kuona ulichoandika. Wewe umeandika S halafu umeangalia bomba. Yeye amefungua bomba halafu ametazama hali yako. Kila mmoja anaona ya kale ya mwenzake: wewe unaona bomba kavu, yeye anaona uko macho. Unalala, naye hagongi. Ndiyo maana Linux huweka kati ya hatua hizo mbili agizo la kizuizi cha kumbukumbu, linalomlazimisha prosesa kuonyesha alichoandika kabla ya kusoma kinachofuata. Ni agizo moja, na mtu asiyejua kisa chake anaweza kulifuta akidhani halina kazi.

Nimesema wakeup ya Unix iliamsha kila mwenye namba ileile. Mtu akipaza sauti uani kwamba maji yametoka, wanaamka wote, wanakimbia na ndoo, na bomba ni moja. Mmoja anakinga, waliobaki wanasimama kidogo halafu wanarudi kulala, usingizi umeshakatika. Kwenye seva zenye michakato mingi inayongoja mgeni mmoja kutoka mtandaoni, fujo hiyo iliwahi kuwa gharama kubwa, ndipo Linux ikaruhusu mngojeaji ajiandikishe kama wa peke yake, aamshwe mmoja tu kwa kila hodi.

Aliyeamshwa naye asikimbilie kuamini. Mwaka 1974 C. A. R. Hoare alieleza utaratibu ambao anayeamsha humkabidhi aliyeamshwa kila kitu palepale, hali ikiwa kama ilivyotangazwa. Butler Lampson na David Redell, katika maandishi yao ya mwaka 1980 kuhusu lugha ya Mesa ya Xerox, walichagua njia nyepesi zaidi: kuamshwa ni dokezo tu. Maana yake huenda maji yapo, nenda kaangalie. Mifumo karibu yote ya leo imefuata Mesa, na kwa hiyo msimbo wa kungoja huandikwa kwa kurudia: maadamu bado, lala tena. Nikisoma kazi ya kijana na kukuta ameandika “kama” badala ya “maadamu”, najua iko siku ndoo yake itawekwa chini ya bomba lililokwisha kukauka.

Kuna usingizi mwingine, mzito, ambao kwenye orodha huandikwa D. Mwenye S unaweza kumwamsha kwa ishara, hata ishara ya kumuua, na ataacha kungoja. Mwenye D hasikii lolote ila kile anachokingoja. Sababu yake ni ya haki. Fikiria diski iko katikati ya kumwaga data moja kwa moja kwenye kipande cha kumbukumbu alichokitenga mlalaji. Ukimwamsha na kumuua, kipande kile kinaweza kugawiwa mwingine, na diski, isiyojua msiba wowote, itaendelea kumwaga ndani ya nyumba ya mtu asiyehusika. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kerneli imeufuata usemi huo neno kwa neno.

Ila usingizi huo unadai kwamba aliyeahidi kuamsha awepo. Ofisi moja niliyofanya kazi ilikuwa na mafaili yote kwenye seva moja, yakisomwa na mashine nyingine kupitia mtandao. Siku seva hiyo ilipozimika, kila mchakato uliogusa faili ulilala D. Niliutumia ule wa kwanza ishara ya kuua ambayo haina rufaa, ukabaki palepale. Nikautumia wa pili, wa tatu. Wastani wa mzigo, ambao Linux huuhesabu pamoja na wenye D, ulipanda kupita 100 huku prosesa wenyewe wakiwa hawana la kufanya. Wenzangu walisimama nyuma ya kiti changu wakiuliza kama kazi zao za tangu asubuhi zipo. Hatimaye tulizima mashine kwa kitufe, na zile ambazo hazikuwa zimehifadhiwa zikapotea. Sikuwa na jibu la kumpa dada mmoja wa uhasibu aliyekuwa anafunga hesabu za mwezi.

Toleo la 2.6.25 la Linux, la mwaka 2008, lilileta usingizi wa kati: mlalaji asisumbuliwe na ishara za kawaida, lakini ishara ya kumuua aisikie, kwa kuwa anayekwenda kufa hatarudi kuulizia matokeo. Mafaili ya mtandaoni yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kufaidi. Naona ni marekebisho ya kiutu kabisa, hata kama yaliandikwa kwa ajili ya mashine.

Inabaki saa ambayo nyuzi zote zimelala. Prosesa naye hulazwa. Kwenye familia ya prosesa wa x86 lipo agizo la zamani la HLT: simama hapo hadi katizo lije. Lakini kerneli, kabla ya kusimama, huangalia kama kuna uzi ulio tayari, na huangalia makatizo yakiwa yamezuiwa, ili jibu lisibadilike mikononi mwake. Ikiona hakuna, inabidi iyaruhusu makatizo kwa agizo la STI, ndipo ifuate HLT. Na hapo korido imerudi: katizo likiingia kati ya maagizo hayo mawili, litaamsha uzi, litaondoka, na prosesa atasimama huku mwenye kazi akimsubiri.

Haliingii. Prosesa wa x86 akitekeleza STI, hapokei katizo hadi agizo linalofuata nalo litekelezwe, na linalofuata ni HLT. Anakuwa ameshalala ndipo mlango unafunguka. Kila agizo kati ya hayo mawili lina urefu wa baiti 1, nayo lazima yaandikwe yakifuatana, pasiwe na kitu chochote katikati.